Maswali ya Wasomaji: Programu za nasibu za kujaribu kompaila

SWALI: Mhariri, salaam. Nimeandika kompaila (programu inayotafsiri kodi kuwa lugha ya mashine) ndogo ya lugha ya C, na majaribio 60 niliyoyatunga kwa mkono yote yanapita. Nikiilisha herufi za nasibu, kichanganuzi (sehemu inayokagua sarufi) kinazikataa zote. Nitapataje majaribio mengi bila kuyaandika mwenyewe? – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Herufi za nasibu huishia mlangoni. Kasoro sugu hukaa kwenye uboreshaji wa kodi (hatua ambapo kompaila huifanya programu iende haraka zaidi), na huko hufika programu iliyo sahihi tu. Tengeneza kizalishi kinachofuata sarufi: kila hatua kichague kanuni kwa nasibu, na kikihitaji kigeu kichukue kati ya vilivyokwisha kutangazwa. Wekea usemi (kama a + b * 2) kikomo cha kina, yaani ngazi za usemi ndani ya usemi, tuseme 6. Ukifika hapo, ruhusu namba na vigeu pekee, la sivyo utajizaa bila kukoma. Andika mbegu ya nasibu (namba inayoanzisha uchaguzi wa nasibu) juu ya kila faili, ili kosa la leo uweze kulirudia kesho.

Au tumia Csmith, kizalishi cha programu za C cha Chuo Kikuu cha Utah. Mwaka 2011 watunzi wake waliripoti kwamba katika miaka 3 ilikuwa imefichua kasoro zaidi ya 325 katika kompaila mbalimbali, GCC na LLVM zikiwamo. Ambacho kompaila yako bado haina, kizime: --no-pointers, --no-structs.

Jibu sahihi la programu isiyo na maana hulijui, wala hulihitaji. Programu ya Csmith humalizia kwa kuchapisha namba ya ukaguzi inayotokana na vigeu vyake vya jumla. Linganisha namba ya kompaila yako na ya GCC -O0 (bila uboreshaji) na Clang -O2 (kompaila ya C ya LLVM, pamoja na uboreshaji). Weka ukomo wa sekunde 10, kwani baadhi ya programu hazimaliziki.

Ukiandika kizalishi chako, chunga tabia isiyofafanuliwa (mambo ambayo kanuni za C hazisemi matokeo yake), maana hapo kompaila mbili zinaweza kutofautiana na zote zikawa na haki. Kugawanya kwa sifuri wengi hukukumbuka. INT_MIN / -1 (int ndogo kuliko zote kugawanywa kwa -1, jibu lisiloenea kwenye int) husahauliwa.

SWALI: Nimepata programu ambayo kompaila mbili zinatofautiana matokeo yake, lakini faili ina mistari 1,800. Niiripoti hivyo hivyo? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Hapana, ipunguze kwanza kwa C-Reduce, zana ya kufupisha programu za C. Unaiandikia skripti inayorudisha 0 iwapo tofauti ingali ipo, nayo hukata na kujaribu tena hadi ibaki mistari michache.

Tatizo ni kwamba hukata bila huruma. Ikiondoa mstari unaokipa kigeu thamani, tofauti hubaki ila kasoro si ya kompaila tena. Kwa hiyo skripti ianze kwa kuikompaili na kuiendesha programu kwa bendera za ukaguzi -fsanitize=undefined pamoja na -fno-sanitize-recover=all; bila hiyo ya pili, programu huonya tu na kuendelea, na skripti huona 0. Vigeu visivyopewa thamani, bendera hizo hazivioni; hivyo vikamate kwa -fsanitize=memory ya Clang.