Sandarusi: utomvu unaochimbwa

Ndugu, umeuliza iweje sandarusi iwe utomvu na bado ichimbwe ardhini. Ni utomvu kweli, wa msandarusi, mti wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Gome likijeruhiwa, unatoka na kuganda. Lakini huo mbichi ni laini, wafanyabiashara waliudharau. Waliyoitaka ni ile iliyokaa mchangani miaka na miaka, mara nyingi mahali ambapo miti yenyewe ilishatoweka! Ukiisafisha, uso wake una vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Katika karne ya 19 sandarusi ilipitia Unguja kwenda Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Kwa matumizi ya kienyeji, utomvu hufukizwa, na mbao za mti huo hutumika kujengea.