Ukishaitwa mshauri, mwiko usiutupe

Nilianza saidia fundi, nikibeba zege kwa ndoo mpaka bega likaota sugu. Siku hizi naitwa saiti kutazama na kusema tu. Magoti yananishukuru, ila mwanzoni kazi hii ya kusema nusura inivunjie jina.

Jamaa alipiga simu, anataka kumwaga nguzo za nyumba yake. Mimi nipo barazani na kahawa yangu, nikamjibu kama mtu anayejua: mfuko mmoja wa saruji, toroli moja ya mchanga, mbili za kokoto. Toroli tunaihesabu kama mifuko miwili, kwa hiyo ni ile hesabu ya moja kwa mbili kwa nne, tuliyoizoea miaka yote. Nisichokiona ni kwamba vijana wake walijaza toroli mpaka ikawa kichuguu, na maji wakamimina kwa mpira bila kipimo. Mbao zilipofunguliwa, ukikwaruza nguzo kwa msumari mchanga unamwagika. Tulibomoa. Nusu ya saruji mpya nililipa mimi, na nilistahili.

Tangu hapo nina sanduku la mbao lisilo na kitako, sentimita 30 kwa 30, kimo 40. Linabeba lita 36, karibu sawa na mfuko wa kilo 50. Masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto, kila moja likijaa linasawazishwa juu kwa ubao. Nalibeba mwenyewe.

Na Jumamosi najenga. Kazi ndogondogo: choo, banda la kuku, ukuta wa jirani. Hela yake haifiki popote, lakini ndiko nilikogundua tofali za siku hizi nyingine zinavunjika mkononi, jambo ambalo barazani nisingelijua.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Niliwahi kumpokonya fundi kijana mwiko mbele ya mwenye nyumba, nimwonyeshe lipu inavyorushwa. Lipu ilitoka safi. Yule kijana hakuniuliza kitu tena mpaka nyumba ikaisha. Sasa nikiona anakosea namwita pembeni, namuuliza timazi inasemaje, namwacha arekebishe mwenyewe. Mikono inawasha, naitia mfukoni.

Bei nazo nimezitenganisha: kusimamia ni kwa siku, ushauri ni kwa safari. Wanaonitumia picha ya ufa kwenye simu nawajibu hivi: picha hainiambii kama kucha inapita. Tuma nauli, nitakuja Jumatatu. Jumamosi niko juu ya jukwaa.