Divai nyekundu hata wakati wa joto

Umeuliza kama mtengeneza divai hupumzika baada ya mavuno, na kama divai nyekundu ni ya msimu wa baridi tu.

Hapumziki. Zabibu zikishapondwa, ndipo usingizi unapokatika. Hewa ya kaboni dioksidi inayotokana na uchachukaji husukuma maganda juu, nayo lazima yazamishwe tena mara kadhaa kwa siku, la sivyo yanakauka na divai inaanza kunuka siki. Hewa hiyo hiyo ikijaa ghalani inaua, kwa hiyo usiingie kabla ya kupitisha hewa safi. Baridi ikija, mizabibu imelala, yeye yuko shambani na mkasi akipogoa. Kazi hiyo naiheshimu kuliko zote, maana kila jicho, yaani kichipukizi, analoliacha kwenye tawi ni hesabu ya mavuno yajayo.

Kuhusu kunywa: joto likizidi, chukua nyekundu nyepesi, iweke kwenye friji hadi ifikie nyuzi 13 au 14. Utashangaa harufu ya matunda inavyochangamka! Zile nzito zenye ukakasi ziachie jioni za baridi, kwenye nyuzi 16 hadi 18.