Umesoma kwa nani?

Ibada ya nyumbani Maweni au Muyeye, jioni. Mtu anafungua Biblia, anasoma mstari mmoja, anaifunga, kisha anasema Roho amemfunulia maana yake. Wote wanaitikia amina. Hapa Malindi, jirani Mwislamu anayehudhuria darsa ya tafsiri mwezi wa Ramadhani haoni vibaya kumuuliza mwalimu, "Umesoma kwa nani?" Mkristo akiuliza hivyo ataambiwa hana imani. Uliza tu.

Watu hudhani ugomvi ni baina ya Wakatoliki, ambao kanisa huwasomea, na Waprotestanti, ambao kila mmoja hujisomea. Mambo hayako hivyo. Fransisko Ksaveri, mmisionari Mkatoliki, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Miaka 4 baadaye Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukakataza mtu kufasiri Maandiko kwa akili yake mwenyewe kinyume cha maana inayoshikwa na kanisa. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1965 kwamba mamlaka ya kufundisha hayako juu ya Neno la Mungu, yanalitumikia. Upande wa pili, Luther, mtawa Mjerumani aliyeanzisha mageuzi ya Kiprotestanti, alikataa kukana maandishi yake mbele ya baraza la dola pale Worms mwaka 1521, dhamiri yake ikiwa imefungwa na Maandiko, na bado mwaka 1529 akatoa katekisimu mbili, vitabu vya mafundisho ya imani, ili watu wasiachwe wasome bila mwongozo. Waanglikana nao, katika zile kanuni 39 za imani yao, ya 20 inalipa kanisa mamlaka kwenye mabishano ya imani, ila inalikataza kufafanua mstari mmoja ukapingana na mwingine. Kwa hiyo ukiingia kwenye kanisa lolote kati ya haya, hutamkuta mfasiri asiye na wa kumwambia, "Hapo umekosea."

Sasa kazi yenyewe ya kupima fasiri. Chukua huo mstari ulionukuliwa, usome sura nzima, na sura inayotangulia na inayofuata. Ni robo saa hivi. Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani, huandikwa kwenye kadi za mahafali kama ahadi ya mwaka huu. Mstari wa 10 unasema miaka 70 itimie kwanza huko Babeli. Sura hiyo ni barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliohamishwa Babeli, na wengi walioisikia wakiwa watu wazima wangezikwa ugenini. Ahadi ni ya kweli, ila walioahidiwa ni taifa.

Kisha tazama viambishi, zile silabi za mwanzo wa kitenzi zinazoonyesha anayetenda. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko msomaji wa Kiingereza cha leo, ambacho kina neno moja tu kwa "wewe" na "ninyi". Mathayo 16:19, Petro anapewa funguo: "lo lote utakalolifunga duniani". Ni u-, mtu mmoja. Sogea hadi 18:18: "yo yote mtakayoyafunga duniani". Ni m-, wanafunzi wote. Mkatoliki atakuonyesha ya kwanza, Mprotestanti ya pili, na zote mbili zimo katika Injili ileile. Halafu Luka 22:31-32: Shetani amewataka "ninyi" apate kuwapepeta, lakini nimekuombea "wewe", imani yako isitindike. Herufi moja inabeba hoja ya karne nyingi. Mhubiri akiupita mstari kama huo mbio, mrudishe kwenye kiambishi.

Pale kwenye "mwamba huu", Mathayo 16:18, Kiswahili kinatuangusha, kwa sababu Petro na mwamba havifanani kwa sauti kama Petros na petra vya Kigiriki. Augustino mwenyewe, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, uzeeni aliandika kwamba aliwahi kusema mwamba ni Petro, baadaye akasema ni Kristo, akamwachia msomaji achague. Mtu wa hadhi yake! Ukimsikia mtu akisema mstari huo "uko wazi kabisa", shuku.

Linganisha pia tafsiri mbili: Union Version ya 1952 na Habari Njema, na kama nyumbani mnazungumza Kigiriama, someni na hicho. Usigombane na Mkatoliki anayenukuu Tobiti au Hekima. Biblia yake ina vitabu 73, yako 66, na hakuna aliyeongeza jana usiku.

Halafu tafuta mstari unaopinga. Hiki ndicho kipimo kinachorukwa zaidi. Mtu akifundisha kufunga kwa kutaja siku 40 za Mathayo 4, mfungulie Isaya 58:7, ambapo kufunga ni kuwagawia wenye njaa chakula chako, na 1 Timotheo 4:3, juu ya wanaowaamuru watu wajiepushe na vyakula. Akikataza dawa, msomee 2 Wafalme 20:7: Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme. Mwalimu mzuri ataifurahia mistari hiyo. Mwingine atakasirika, na hasira hiyo ni jibu.

Shakahola, msitu ambako wafuasi wa mchungaji Paul Mackenzie walifunga kula, haiko mbali na Malindi hii hii. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na wengi walikufa kwa njaa. Wapo wanaosema ndiyo hasara ya kumtii mchungaji, na wapo wanaosema ndiyo hasara ya kila mtu kujifasiria. Kwa maoni yetu ni jambo moja: fasiri ya mtu binafsi iliyopewa kipaza sauti, bila sinodi (baraza kuu la kanisa), bila askofu, bila mzee wa kanisa mwenye ubavu wa kusema hapana. Kwa hiyo muulize mchungaji wako maswali haya, siku ya kazi, wala si mlangoni baada ya ibada: nani alikuwekea mikono? Nani anaweza kukusimamisha? Katiba ya kanisa iko wapi tuisome? Akijibu "Mungu pekee", huna kanisa hapo.

Kosa la upande wa pili lipo pia: kasisi au katekista anayekuambia usisome, uliza tu. Waberoya wa Matendo 17:11 walimchunguza Paulo mwenyewe kwa Maandiko, na wakasifiwa. Ukiona ameteleza, fuata Mathayo 18:15-17: nenda peke yako, ukiwa umeandika mstari na swali lako; asipokusikia, rudi na mmoja au wawili; kisha baraza la wazee, halafu ofisi iliyo juu yake.

Ngazi hizo ni za hoja. Fasiri ikigusa chakula cha mtoto, shule, hospitali au hati ya shamba, usipande ngazi yoyote. Mtoe mtoto hapo, kisha nenda kwa chifu au kituo cha polisi siku hiyohiyo.