Maswali na majibu: Swamad, samadi na sumud

Ni kweli neno Swamad, jina la Mwenyezi Mungu, limo mara moja tu katika Qurani?
Kweli. Ni aya ya 2 ya Suratul Ikhlas, basi. Mzizi wake, herufi za Kiarabu swad-mim-dal, hauonekani pengine popote msahafuni.

Mjomba wangu ni Abdulswamad, na shambani kwake anatia samadi ya ng'ombe. Wajukuu wanamtania. Je, maneno haya ni ndugu?
Hata kidogo. Samadi, ile mbolea, ni *samād* ya Kiarabu, na inaanza na sin. Jina la mjomba linaanza na swad, herufi nzito. Tukiandika "s" peke yake tofauti inapotea, ndiyo maana watu wa pwani wanashikilia "sw": Swaleh, Swafiya, Swamad. Wana haki. Sin-mim-dal nayo ina neno moja tu katika Qurani, *sāmidūn*, karibu na mwisho wa Suratun Najm, kwa maana ya walioghafilika. Wajukuu watafute utani mwingine.

Mbona tafsiri ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani inasema "Mkusudiwa", na wengine husema "asiye na tumbo"?
Kwa sababu mzizi wa Swamad una matawi mawili. Kitenzi *samada* ni kumwelekea mtu kwa haja, na Waarabu wa kale walimwita *sayyid samad* yule mkubwa wao anayekimbiliwa na kila mwenye shida. Tawi la pili ni ugumu: kitu kilichoshikamana, kisicho na uwazi ndani. Humo mna *simād*, kizibo cha chupa. Tabari, mfasiri wa Qurani aliyefariki mwaka 923, alizikusanya kauli za pande zote mbili, akaegemea ya kwanza. Nami naona ndiyo yenye nguvu, maana ina ushahidi wa mashairi.

Ila tawi la pili lilizua kisa. Wakristo wa Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki, walilifasiri neno kwa Kigiriki *holosphyros*, kama pande la chuma lililofuliwa, wakaona Waislamu wanaabudu Mungu mwenye umbo. Mwislamu aliyebatizwa alitakiwa kumlaani Mungu huyo. Mwaka 1180 Kaisari Manuel I alitaka laana hiyo ifutwe, maaskofu wakamkatalia, na baada ya mvutano mkali tamko likabadilishwa. Yote hayo kwa neno moja!

Na "sumud" ya Wapalestina?
Mzizi ni huo huo: *sumūd*, kusimama imara bila kutetereka. Msafara wa boti uliokwenda Gaza mwaka 2025 ulibeba jina hilo.

Naweza kumwita mwanangu Swamad tu, bila Abdul?
Mwandikishe Abdulswamad, mja wa Swamad, kwani Swamad ni miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu. Wenzake wa mpirani watalikata watakavyo.