Usiku wa Mjini: Taarab Kwanza, Sahani Baadaye

Maswali ya mwezi huu karibu yote yamekuja kwa njia moja: watu wanataka kuja mjini siku mbili tatu, wale vizuri, waone kitu jukwaani. Walioandika si wageni wa ndege, ni watu wa Pemba, Dar, Mombasa. Lililoniuma ni kwamba wengi wanauliza kama wanaoomba ruhusa ya kuingia nyumba ya mtu. Jamani, nyumba ni yenu. Ngoma hizi zimepigwa na wazee wenu, na chungu hiki kimepikwa na bibi zenu.

Mimi na mke wangu tunatoka Wete. Tutalala Unguja usiku mbili tu na tunataka kula nje na kusikiliza taarab asilia. Tuanze na kipi?

Anzeni na taarab, chakula kitajipanga. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuweka meza saa 2 usiku, halafu anataka kuwahi muziki wa saa 3. Mikahawa ya juu ya mapaa hapa Mji Mkongwe ina mandhari ya kumsahaulisha mtu madeni yake, lakini aghalabu jiko liko chini, ngazi ni za mbao na zimesimama wima, na kila sahani inapandishwa kwa mikono.

Mwaka juzi nilimpeleka shangazi yangu kwenye mkahawa mmoja wa namna hiyo. Tuliagiza pweza wa nazi mara tu baada ya Magharibi. Akaja saa 2 na nusu, tena mgumu, hatafuniki. Bili nayo ikaja na kodi na malipo ya huduma juu ya bei tuliyoisoma kwenye orodha. Tulipofika ukumbini, bashraf imeshapigwa na wimbo wa pili unamalizika. Shangazi yule pweza alimsamehe. Bashraf mpaka leo ananikumbusha.

Na ana haki. Bashraf ni muziki mtupu wa kufungulia, hauna sauti ya mtu. Hapo ndipo unapomwona mpiga kanuni vizuri: vidole vyake vya shahada vimevaa vipete vilivyobana vijiti, ala imelala mapajani, nyuzi zaidi ya 70, anazidonoa huku macho yako kwingine kabisa. Kisha fidla zinaingia kwa pamoja, na akodiani, na udi, na ngoma ndogo ya dumbak chini yao. Masikio yanatulizwa. Mwimbaji akisimama, ukumbi mzima umeshakuwa kitu kimoja. Ukiingia baadaye unausikia wimbo, lakini unausikia ukiwa mlangoni.

Kwa hiyo baada ya Magharibi kuleni kitu chepesi, mkate wa kumimina na kahawa kwa mfano. Salini Isha, nendeni taarab, chakula chenyewe kileni mkitoka. Usiku wa pili ndio wa mkahawa, bila ya haraka.

Wapi? Ulizieni vikundi vyenyewe. Nadi Ikhwan Safaa, ambacho wengi bado wanakiita Malindi, kipo tangu 1905. Culture Musical Club kipo tangu 1958, na makao yake ni Vuga. Kama usiku wenu hauna onyesho, ulizieni mazoezi. Mimi nimekaa kwenye mazoezi zaidi kuliko kwenye maonyesho, na siku zote nimeona mwenye kubisha hodi kwa adabu anapewa kiti.

Nimeambiwa samaki wanaouzwa usiku kwenye bustani ya Forodhani ni waliolala. Nile au nisile? (Kijana wa Temeke)

Kula, lakini macho yatangulie mkono. Mishkaki ya kamba, ngisi na samaki inayopangwa kwa rangi chini ya taa ni ya kuvutia wapita njia. Nyingi imeshapikwa mara moja na inangoja kupashwa. Hiyo iache. Chagua kinachoanza kibichi mbele yako: pizza ya Zanzibar, ambayo utamwona fundi anavuta donge la unga mpaka linakuwa jepesi kama kitambaa, anatia nyama ya kusaga, kitunguu na yai, anakunja kama bahasha na kutupa kwenye chuma cha moto. Au mishkaki ya ng'ombe inayoiva huku unangoja. Au juisi ya miwa, inayokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Uliza bei kabla hujasema "nipe", tena uliza kwa kila kijiti. Bei isiyoulizwa mwanzo, hapo hukua mwishoni.

Urojo ni habari nyengine. Urojo mzuri hauko Forodhani, nasema hivi na nitagombana na yeyote. Nenda mitaani, Vuga, Kikwajuni, Michenzani, wakati wa alasiri, pale unapoona watoto wa skuli na mafundi wa gereji wamesimama pamoja na bakuli mkononi. Uji wenyewe uwe mwepesi wa unga wa ngano, manjano yake ya kweli, ukali wake utokane na ukwaju au embe bichi. Ndani yake viazi, kachori, bajia, kijiti kimoja cha mishkaki kilichovuliwa. Juu chatini ya nazi, pilipili, kisha chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba kama karatasi. Zile ule haraka, zisije zikalowa. Mpishi akikuuliza "kali au ya kiasi?", siku ya kwanza sema ya kiasi.

Ukitaka kukaa kitako na kula wali, teremka Mkunazini, Lukmaan, karibu na mbuyu. Unapita mbele ya masufuria, unaonyesha kwa kidole: pilau, kisamvu, changu wa kupaka. Hakuna ulevi, kuna msongamano, na watu wa mjini wenyewe wanakula hapo. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini.

Mimi ni msichana wa Mombasa, na kwetu harusini najua kutunza, yaani kumpelekea mwimbaji noti. Lakini ukumbini, mbele ya watu nisiowajua, naona haya. Ni lazima? Na kiasi gani?

Si lazima, mwanangu, lakini usipofanya utakuwa umekula nusu ya sahani. Taarab haitazamwi tu. Anayeinuka naye yumo mchezoni.

Kabla hujatoka nyumbani vunja pesa yako iwe noti za Tanzania za shilingi 1,000 na 2,000. Noti moja ya 10,000 inatoka mara moja na imekwisha, wakati noti tano za 1,000 ni safari tano. Ngoja ubeti unaokugusa. Inuka, noti iko juu kidogo ya kichwa, tembea kwa mwendo wa dumbak, usikimbie, mpe mwimbaji mkononi au iweke pale wenzako wanapoweka. Yeye hatakatisha wimbo, pengine atakutazama tu. Rudi kwa mwendo ule ule.

La kuangalia ni moja. Ubeti unaoutunza ni maneno yako. Ukiinuka pale mwimbaji anapomsema mwenye kijicho, na njiani ukamtupia jicho mtu aliyekaa safu ya tatu, ukumbi mzima umeshaelewa, hata kama wewe ulikuwa unatafuta mlango. Wageni wengi huingia kwenye ugomvi wa watu kwa njia hii. Kwa hiyo usiku wa kwanza tunza nyimbo za mapenzi na za kusifu, macho kwa mwimbaji.

Na haya uliyonayo itaondoka ukimwona bibi wa miaka 70 anapita mbele yako na noti yake. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa Unguja aliyefariki Aprili 2013, alipanda jukwaani akiwa mkongwe kuliko wote waliokuwepo. Wewe unaogopa hatua kumi?

Ninafundisha Kiswahili skuli moja Morogoro. Nataka kuona maigizo ya jukwaani Zanzibar, si muziki tu. Yapo?

Mwalimu, ukumbi wenye mchezo mpya kila usiku, kama wanavyofanya London, hapa haupo. Linanisikitisha, kwa sababu mji huu una watu wanaojua kuigiza tangu utotoni. Michezo ya vikundi na ya wanafunzi ipo, lakini inakuja na kuondoka. Fuatilia matangazo ya Ngome Kongwe na ya ukumbi wa Sheikh Idrissa Abdulwakil, Kikwajuni. Ngome ilijengwa na Waarabu wa Oman walipokwisha kuwatoa Wareno, na leo ndani yake kuna jukwaa la wazi lenye ngazi za mawe za kukalia. Karibu kila Februari, tangu 2004, kuna Sauti za Busara, na aghalabu hufanyika huko. Tamasha hilo ni la muziki, lakini ukitaka kuona jinsi mwili unavyosimulia, utayaona mengi. Beba kitambulisho chako, kwani tiketi ya Mtanzania ina bei nafuu kuliko ya mgeni. Na chumba kitafute miezi kabla.

Lakini nataka kukuomba upanue neno "maigizo". Beni ni nini kama si maigizo? Matarumbeta na ngoma barabarani, kwa asili yake kuwaiga askari wa kikoloni na gwaride lao, na nyuma yake wanawake wanacheza wakaziba njia nzima. Utaikuta harusini bila ya tiketi. Kuna Maulidi ya Homu: safu ya wanaume wa kanzu nyeupe wamepiga magoti bega kwa bega, wanainama na kuinuka kama wimbi moja, matari yanawafuata. Ile ni ibada, kwa hiyo ukialikwa nenda kama unayekwenda kwenye ibada, simu ibaki mfukoni.

Na kama likizo yako ni Julai, kodi gari uende Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi. Wanaume wanapigana kwa magogo ya migomba, wanawake wanapita wakiimba na kutupiana maneno, kibanda cha makuti kinachomwa moto, na baada ya hapo kila nyumba inatafuta mgeni wa kumlisha. Mgeni siku ile ni baraka, hutaachwa upite na njaa. Sijui maigizo gani mengine yanayomaliza kwa kuwakaribisha watazamaji wote mezani.

Ukitaka mchezo wa kuandikwa na waigizaji waliosomea kazi, wala usivuke bahari. Pitia TaSUBa, Bagamoyo, chuo kinachofundisha sanaa tangu 1981.

Nivae nini?

Nguo ya kufunika mabega na magoti, wanaume na wanawake. Kwenye taarab watu huvaa, mama, hawavai tu kujisitiri: kanzu iliyopigwa pasi, dira la hariri, udi kwenye nguo. Viatu viwe vya kutembelea, kwani vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi gari na mawe yake yanateleza mvua ikinyesha.

Likizo yetu imeangukia Ramadhani. Tuahirishe?

Kama mnafuata taarab, ndiyo, ahirisheni, maana mwezi mzima kumbi zimenyamaza. Mchana mikahawa mingi imefungwa, na kula hadharani hakufai. Lakini kama mnafuata chakula, njooni. Wakati mwengine wa mwaka mtapata wapi kwa pamoja tambi za sukari, muhogo wa nazi, kaimati, mkate wa kumimina na uji wa pilipili manga? Bora zaidi, njooni siku 2 za mwisho mkae mpaka Sikukuu. Kwetu inasherehekewa siku 4, watoto wanajaa Mnazi Mmoja na nguo mpya, na ala zinatolewa tena kwenye mifuko.

Bibi yetu ana miaka 78, magoti yanamsumbua. Anatamani kusikia taarab ukumbini, ameisikia redioni maisha yake yote. Tumpeleke vipi?

Barua hii nimeisoma mara tatu. Mpelekeni, na msingoje.

Msimpeleke kwenye ngazi za mawe za Ngome, hazina pa kuegemea. Tafuteni onyesho la ndani lenye viti. Mmoja wenu aende mchana ule akahesabu hatua za kutoka gari linaposimama mpaka mlangoni, kwani teksi haifiki kila mahali. Fikeni nusu saa kabla, ombeni kiti cha pembeni upande wa kanuni, mbali na spika. Alishwe nyumbani mapema, chakula alichokizoea. Baada ya onyesho atataka kahawa na kipande cha halua kuliko sahani ya mkahawa.

Muulizeni leo wimbo anaoupenda. Si kwa jina, pengine hatalikumbuka. Aimbe kiitikio, mumrekodi. Mumpelekee kiongozi wa kikundi siku moja kabla. Wapigaji wa zamani wana mamia ya nyimbo vichwani, na ombi la bibi wa miaka 78 sijaona likikataliwa. Wimbo ukianza, msimtazame yeye. Mpeni noti mkononi na mwachieni aamue kama atainuka au atamtuma mjukuu.

Na kama ni Julai au Agosti, mchukulieni shali. Upepo wa pwani usiku wa kipupwe unaingia kwenye mifupa.