Kadi ni asilimia tatu juu? Piga hesabu kabla ya kuweka PIN

Simu Luthuli Avenue, Nairobi, imebandikwa bei ya shilingi 60,000. Unatoa kadi, muuzaji anasema: "Boss, hiyo ni bei ya keshi. Kwa kadi tunaongeza asilimia tatu." Ni shilingi 1,800, na mara nyingi hutajwa boksi likiwa limeshafunguliwa. Kwa hiyo kabla hata ya kuulizia rangi, uliza: "Bei ya mwisho kwa kadi ni ngapi, na kwa M-Pesa ni ngapi?"

Nyongeza hiyo ina chanzo. Ukilipa kwa kadi, mwenye duka hapati pesa zote. Benki iliyompa mashine ya kadi (PDQ) hukata kamisheni, na sehemu yake huenda kwa benki iliyokupa kadi na kwa mtandao kama Visa au Mastercard. Kwa kawaida kadi ya mkopo, hasa iliyotolewa nje ya nchi, humgharimu zaidi kuliko kadi ya debiti. Duka linalotoza kiwango kimoja kwa kadi zote linamwonea mwenye debiti, na ana haki ya kubishana.

Tuseme kamisheni ni asilimia 3. Duka likikutoza 61,800, benki hukata 1,854 na mwenye duka hubaki na 59,946, karibu sawa na keshi. Akikuongezea asilimia 5, unalipa 63,000, naye anabaki na 61,110. Hapo hafidii kamisheni tena. Kadi yako imemwingizia 1,110 za ziada.

Kanuni za Visa kwa jumla humkataza mfanyabiashara kuongeza ada juu ya bei aliyotangaza, isipokuwa pale sheria au kanuni za nchi husika zinaporuhusu. Punguzo kwa anayelipa keshi ni halali. Ndiyo maana duka makini hubandika 61,800, kisha humpunguzia wa keshi 1,800. Mfukoni ni kitu kile kile, ila huyu amekuonyesha bei kubwa mapema, na hiyo ndiyo heshima mteja anayostahili. Nchini, Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei. Ukitaka kulalamika kwa benki yako au kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, piga picha ya bei iliyobandikwa na utunze risiti. Bila hivyo ni neno lako dhidi ya lake. Ndugu akija likizo kutoka Uingereza asitegemee sheria ya kwao: kule ada hizi zilipigwa marufuku kwa kadi za wateja binafsi Januari 2018.

Je, ulipe hiyo 1,800? Weka faida za kadi upande mmoja. Pointi zenye thamani ya asilimia 1 ni shilingi 600. Ikiwa ni kadi ya mkopo, kukaa na 60,000 zako kwa siku 45 bila riba, zikiwa mahali panapokupa asilimia 10 kwa mwaka, ni kama 740. Jumla 1,340, bado umepoteza 460. Na hayo ni kama utalipa deni lote kwa wakati. Ukibakiza salio, riba ya mwezi mmoja tu yaweza kumeza pointi zote. Ada hiyo huwa na maana pale unapolipia kitu ambacho hujakabidhiwa, kama fanicha ya kuagiza au tiketi, kwa sababu kisipofika unaweza kuiomba benki irudishe malipo. Kwa simu uliyoiwasha ukaijaribu dukani, lipa kwa till ya M-Pesa, yaani Buy Goods. Kwenye Buy Goods mteja hakatwi, ila Paybill huenda ukakatwa kulingana na mpango wa biashara. Muamala mmoja wa M-Pesa una kikomo cha 250,000.

Usikubali ushauri wa "toa tu ATM hapo nje" ukiwa na kadi ya mkopo. Kutoa keshi kwa kadi hiyo kuna ada yake, na riba kwa kawaida huanza siku hiyo hiyo, bila zile siku za bure.

Punguzo kubwa kupita kamisheni nalo lichunguze. Ukiambiwa asilimia 10 kwa keshi "bila risiti", kinachokwepwa ni VAT. Ndani ya 60,000 mna VAT ya takriban 8,276. Bila risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kodi wa KRA, simu ikiharibika wiki ijayo huna pa kuanzia kudai waranti.

Ukiamua kulipa kwa kadi hata hivyo, risiti isomeke 61,800, si 60,000, ili ilingane na SMS ya benki. Mashine ikisema imekataa, subiri SMS na uombe karatasi ya kukataliwa kabla ya kuruhusu iingizwe mara ya pili. Kisha uliza kama ukirudisha simu utarudishiwa na ile 1,800, na hilo liandikwe nyuma ya risiti kwa mhuri wa duka. Pesa zirudi kwenye kadi ile ile uliyolipia.